Mwongozo Kamili wa Kupima Wanga Katika Jani: Kwa Walimu wa Biolojia wa Shule za Kanisa Nchini Uganda

Kila muhula hunifikia malalamiko yaleyale kutoka kwa walimu wenzangu wa biolojia: jani limechemshwa, limetiwa katika spiriti, limedondoshewa iodini, nalo limebaki na rangi ya kahawia kama karatasi ya kufungia sukari. Wanafunzi huangaliana, mwalimu husema kwamba iodini imeharibika, na kila daftari huandikwa matokeo ambayo hakuna aliyeyaona.

Mara nyingi iodini haina kosa. Shule zetu zilizoanzishwa na makanisa zina jambo moja linaloua jaribio hili kuliko ukosefu wa vifaa, nalo ni ratiba: kipindi cha vitendo hupangwa mara tu baada ya ibada ya asubuhi, mnamo saa mbili na nusu, wakati jani lililochumwa nje ya kanisa limepata jua kwa muda usiozidi saa mbili. Usiku kucha mmea umekuwa ukivunja wanga wa majani yake na kuusafirisha kama sukari kwenda kwenye mizizi, vichipukizi na matunda, hivyo kufikia alfajiri ghala la jani huwa karibu tupu. Ukipima ghala tupu, utapata jibu sahihi la swali ambalo hukukusudia kuliuliza.

Hatua zilizo hapa chini zinahusu jaribio la kuonyesha kwamba mwanga unahitajika ili jani litengeneze wanga. Ukiliweza hili, majaribio ya klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, na ya hewa ya kaboni dioksidi hayatakusumbua, kwa sababu upimaji wenyewe ni uleule.

## Vifaa vinavyohitajika

Nimekadiria darasa la wanafunzi 60 waliogawanywa katika makundi 10 ya watu sita sita. Shule yenye maabara kamili itakuwa na vyote hivi. Isiyo nayo itavipata jikoni, kwenye duka la dawa na kwenye bustani.

- Mimea miwili au mitatu iliyopandwa katika makopo, yenye majani mengi, laini na yenye afya.
- Karatasi ya alumini, pamoja na vipande vya nailoni nyeupe inayopenyeza mwanga, yaani kaveera safi.
- Vibanio vya karatasi, viwili kwa kila jani.
- Kabati lisilopenyeza mwanga, au boksi kubwa lililozibwa nyufa.
- Sigiri yenye makaa, sufuria mbili zenye vifuniko, na maji.
- Spiriti ya methileti, mililita 250. Kila kundi litatumia mililita 15 hivi, na zinazobaki ni akiba.
- Neli za kioo za maabara, au vikombe vidogo vya kioo kinachostahimili joto.
- Kibanio kirefu cha kushikia jani na kidondoshea kimoja kwa kila kundi.
- Vigae vyeupe au visahani vyeupe visivyo na maua.
- Myeyusho wa iodini katika chupa ya rangi ya kahawia.
- Kipande cha posho baridi, au punje za wali uliopikwa.
- Ndoo ya mchanga, gunia lililoloweshwa maji, na miwani ya kinga kama ipo.

Kuhusu spiriti, mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kama waragi ingefaa, kwa kuwa inapatikana kila kituo cha biashara. Mbali na maelezo ambayo angelazimika kumpa kasisi wa shule, kiasi cha alikoholi katika kinywaji hicho, ambacho kwa kawaida ni asilimia 40 hivi, hakitoshi. Kilichobaki ni maji, na klorofili haiyeyuki katika maji. Jani litatoka likiwa kijani vilevile, na maabara itanuka kwa siku mbili.

Onyo la kwanza linahusu hiyo spiriti ya methileti. Huchanganywa na methanoli, ambayo ni sumu inayoweza kumpofusha au kumwua anayeinywa. Ifungiwe kwa ufunguo, ipimwe inapotoka na inaporudi, na asitumwe mwanafunzi kuichukua peke yake.

## Kuchagua mmea

Hapa walimu wengi hujikwaa kabla hata ya kuwasha sigiri. Jani linalofaa ni jembamba, lisilo na nta nyingi, na la mmea ambao huhifadhi chakula chake kama wanga ndani ya jani. Haibiskasi inayopandwa kwenye ua wa shule nyingi inafaa sana. Majani ya viazi vitamu na ya maharagwe yanafaa. Hata kishona nguo, gugu linaloota lenyewe nyuma ya mabweni, hutoa matokeo mazuri na halimgharimu mtu chochote.

Epuka majani ya mwembe na ya mgomba, kwa sababu ni magumu au yana nta inayozuia spiriti na iodini kupenya. Majani ya kitunguu yaache kabisa: hayahifadhi wanga bali sukari, kwa hiyo yatabaki kahawia hata ukiyaanika juani kutwa nzima. Nimewahi kuona mwalimu akiyachagua kwa kuwa yalikuwa mengi kwenye bustani ya jikoni, na darasa zima likahitimisha kwamba kitunguu hakihitaji jua.

## Hatua ya 1: Jaribu iodini kabla ya kuilaumu

Dondosha tone moja la iodini kwenye kipande cha posho baridi. Posho ni unga wa mahindi uliopikwa, na sehemu yake kubwa ni wanga; rangi ikigeuka mara moja kuwa ya bluu iliyoiva hadi nyeusi, iodini yako ni nzima. Isipogeuka, tengeneza nyingine.

Ili kutengeneza myeyusho mpya, yeyusha gramu 2 za potasiamu iodaidi katika mililita 10 hivi za maji, ongeza gramu 1 ya iodini, koroga hadi punje zote zipotee, kisha ongeza maji mpaka ufikie mililita 100. Usianze na iodini peke yake, kwa maana huyeyuka kwa shida sana katika maji matupu, na punje zitalala chini ya chupa wakati wewe unadhani umemaliza. Kwa kazi ya majani, uongezee maji tena hadi uwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Iodini kali mno hulipaka jani lote rangi nzito, na mwanafunzi atasoma weusi mahali ambapo hakuna wanga.

Ambaye hana kemikali hizi anaweza kununua tinkcha ya iodini kwenye duka la dawa na kuipunguza makali kwa maji. Iwe ya kutengeneza au ya kununua, ihifadhi mbali na mwanga.

## Hatua ya 2: Maliza wanga uliopo

Jaribio linataka tuonyeshe wanga uliotengenezwa leo, nao hauwezi kutofautishwa na wa jana isipokuwa wa jana umekwisha. Kwa hiyo mmea huwekwa gizani kwa muda wa saa 48, ukiwa umenyweshewa maji, ili utumie akiba yake yote.

Hapa ndipo kalenda ya shule ya kanisa inapogeuka kuwa msaada. Ingiza mmea kabatini Jumamosi saa nane mchana, baada ya vipindi vya asubuhi. Jumapili ni ya ibada na mapumziko, hakuna anayeingia maabara, na Jumatatu saa nane mchana muda umetimia. Shule za Waadventista, ambazo husimamisha kazi tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, zinaweza kuuingiza Ijumaa mchana na kupata utulivu uleule kufikia Jumapili mchana, kisha kufanya kila hatua inayofuata siku moja mapema.

Kabati liwe la maabara. Mwaka mmoja nililiona la kwaya kuwa kubwa na lenye giza zuri zaidi, nikaweka mimea yangu humo bila kumwambia mtu. Jumapili asubuhi wanakwaya walilifungua kuchukua majoho yao, wakaliacha wazi karibu na dirisha tangu wimbo wa kwanza hadi matangazo, na wiki nzima ya maandalizi ikapotea. Tangu hapo nabandika karatasi mlangoni: mmea uko gizani, usifungue mpaka Jumatatu.

Jumatatu mchana, chuma jani moja na ulipime kwa kufuata hatua ya 5 hadi ya 8. Likibaki na rangi ya kahawia hafifu au ya manjano, akiba imekwisha na unaweza kuendelea. Likionyesha weusi, rudisha mmea gizani kwa siku moja zaidi. Usiiruke hatua hii kwa kuona haraka, kwa sababu jani hilo moja ndilo ushahidi pekee kwamba wanga utakaouona baadaye ni mpya.

## Hatua ya 3: Funika sehemu ya jani

Jumatatu jioni, ukiwa katika mwanga hafifu, chagua jani moja kwa kila kundi likiwa bado limeshikamana na mmea. Kata ukanda wa karatasi ya alumini wenye upana wa sentimita 2, ukunje ili ufunike jani juu na chini, kisha uubane kwa kibanio bila kuponda mishipa. Pande zote mbili ni lazima zifunikwe, kwa kuwa mwanga unaotoka chini ya jani, hasa ukiakisiwa na ukuta mweupe au saruji, unatosha kuharibu matokeo.

Kwenye jani hilohilo, sentimita chache kutoka hapo, bana ukanda wa nailoni inayopenyeza mwanga wenye ukubwa uleule. Vitabu vingi huliacha jambo hili, nami pia nililiacha kwa miaka mingi, mpaka msichana mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: karatasi ya alumini inazuia mwanga, lakini si inazuia na hewa pia? Alikuwa na haki. Jani huhitaji kaboni dioksidi ili kutengeneza chakula, na ukanda uliobanwa pande zote mbili huipunguza. Nailoni huzuia hewa karibu sawa na alumini, ila huruhusu mwanga. Ikiwa sehemu iliyo chini ya nailoni itakuwa nyeusi na ile iliyo chini ya alumini itabaki kahawia, tofauti ni mwanga. Ikiwa zote mbili zitabaki kahawia, huna ruhusa ya kusema lolote kuhusu mwanga, na ni afadhali kulegeza vibanio na kurudia.

Rudisha mmea gizani usiku huo.

## Hatua ya 4: Jua, kisha mchoro

Jumanne saa moja asubuhi, toa mmea na uuweke mahali ambapo kivuli cha jengo hakitaufikia. Uache hadi saa nane mchana. Katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mawingu yanaweza kukaa asubuhi nzima. Siku kama hiyo subiri hadi saa kumi, au ahirisha. Mwanga wa balbu moja ya darasani hautalipa deni la jua.

Kabla ya kuondoa vifuniko, kila mwanafunzi achore jani lake akionyesha mahali alumini ilipo na mahali nailoni ilipo. Vifuniko vikishatoka, jani likishachemka na kupoteza rangi, hakuna kitakachomkumbusha sehemu ipi ilikuwa wapi. Asijaribu kuweka alama kwa kalamu ya wino, kwa sababu spiriti itaifuta. Kundi linaloshughulikia majani mawili litofautishe kwa kuacha kikonyo kwenye moja na kukikata kwenye lingine, au kwa kukata pembe ndogo ukingoni.

### Ikiwa kipindi chako ni cha asubuhi na hakibadiliki

Usikate tamaa, na usigombane na mwalimu wa taaluma. Chuma majani Jumanne saa nane mchana, yachore, yachemshe kama hatua ya 5 inavyoeleza, kisha yatie katika chupa yenye spiriti baridi na kifuniko kinachobana. Kuchemsha kumekwisha kuua vimeng'enya ambavyo vingevunja wanga usiku, hivyo wanga utabaki ulipo. Jumatano asubuhi, baada ya ibada, majani laini yatakuwa yamepoteza rangi yake bila moto wowote, na darasa litaanzia hatua ya 7.

Kwa kweli, hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi, hata pale ratiba inaponiruhusu kufanya vinginevyo. Inachukua usiku mmoja, lakini inaondoa spiriti ya moto mikononi mwa vijana 60.

## Hatua ya 5: Chemsha jani

Maji yakiwa yanatokota, lichovye jani kwa kibanio na uliache kwa sekunde 30 hadi 60. Joto huua seli, husimamisha vimeng'enya, hupasua utando wa seli na kulainisha nta ya juu, ili spiriti na baadaye iodini zipate njia ya kuingia.

Jani lililofaulu hulegea kama dodo, yaani mchicha, iliyopikwa ikaiva, na bado huwa kijani. Likiendelea kusimama wima unapolinyanyua, lirudishe majini. Wanafunzi wengi hulichovya na kulitoa papo hapo kwa kuogopa mvuke, na huo ndio mwanzo wa mabaka yasiyoeleweka mwishoni.

## Hatua ya 6: Zima moto, ndipo ufungue spiriti

Nitakawia hapa, kwa sababu hapa watu huungua.

Mvuke wa spiriti hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu kama moshi bali hutambaa juu ya meza na kushuka sakafuni hadi ukutane na kaa lililo hai. Na mwali wake ni wa bluu hafifu, usioonekana vizuri mchana. Mtu anaweza kunyoosha mkono ndani yake bila kujua. Katika shule moja niliyofundisha nikiwa kijana, niliweka kikombe cha spiriti karibu na sigiri huku nikijibu swali la mwanafunzi, na nilitambua kwamba kinawaka pale tu nyusi zangu ziliponiambia.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usibadilishwe. Chemsha maji sufuriani. Toa sigiri nje ya chumba, au zima jiko la gesi na mishumaa yote. Fungua madirisha. Ndipo chupa ya spiriti ifunguliwe na kila kundi lipimiwe mililita zake katika neli, jani likiwa ndani na limezama kabisa. Kisha neli isimamishwe katika sufuria ya maji hayo ya moto ambayo hayana tena moto chini yake.

Maji hayo yana joto la kutosha. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za selsiasi, ilhali maji ya Kampala, mji ulio takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96. Hata Kabale, ambako mwinuko unafanya maji yachemke kwenye nyuzi 94 hivi, bado tofauti inatosha. Maji yakipoa kabla jani halijaisha rangi, yabadilishe kwa mengine yaliyochemshiwa nje. Usiirudishe sigiri ndani.

Baada ya dakika 5 hadi 10 spiriti itakuwa ya kijani kibichi, na jani litakuwa na rangi ya maziwa au ya manjano iliyopauka. Likiwa bado na kijani, mimina spiriti hiyo katika chupa ya taka, tia nyingine safi na urudie. Sababu ya kuondoa klorofili ni rahisi: weusi wa iodini hauonekani vizuri juu ya kijani.

Spiriti ikishika moto ndani ya chombo, usikinyanyue wala kukikimbiza nje, na usikimwagie maji kwa ndoo, kwa maana utasambaza spiriti inayowaka mezani. Kifunike kwa kisahani au gunia lililoloweshwa, na iliyomwagika ifukie kwa mchanga. Kila kundi lionyeshwe ndoo ya mchanga ilipo kabla ya kazi kuanza, sawa na vile mgeni anavyoonyeshwa mlango.

## Hatua ya 7: Suuza na upoze

Jani linalotoka katika spiriti huwa limekauka na huvunjika kama chapati ya jana, kwa sababu spiriti imenyonya maji yake. Lichovye katika maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika ili lilainike na kukunjuka.

Kisha lipoze katika maji baridi. Hili watu hulipuuza, kumbe lina uzito wake: rangi ya bluu inayotokea wanga unapokutana na iodini hupotea kwenye joto na kurudi inapopoa. Jani la moto linaweza kukudanganya kwamba halina kitu. Unaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa uji mwepesi uliotiwa iodini, ukiupasha na kuupoza, nao watalikumbuka.

## Hatua ya 8: Dondosha iodini na usubiri

Likunjue jani juu ya kigae cheupe, upande wa juu ukitazama juu. Dondosha iodini hadi jani lote lilowe, sehemu zilizofunikwa na zisizofunikwa bila upendeleo, kisha subiri dakika 3 hadi 5. Mwaga iodini iliyozidi, suuza kidogo kwa maji, na ulinyanyue jani dhidi ya dirisha. Mwanga ukipita ndani yake, mpaka wa rangi huonekana wazi kuliko likiwa mezani.

Matokeo mazuri ni haya: sehemu iliyokuwa wazi ni bluu nyeusi, iliyokuwa chini ya nailoni ni bluu nyeusi au hafifu kidogo, iliyokuwa chini ya alumini ni kahawia au manjano, rangi ya iodini yenyewe. Iodini huacha madoa kwenye vidole na kwenye sare, kwa hiyo mikono ya mashati ikunjwe.

## Hatua ya 9: Andika kilichoonekana

Mwanafunzi huandika mambo mawili tofauti, nayo yakae katika safu mbili tofauti. La kwanza ni alichokiona: rangi gani, wapi. La pili ni maana yake: kuna wanga au hakuna. Asiandike katika safu ya kwanza kwamba usanisinuru, yaani jani kutengeneza chakula kwa mwanga, umefanyika, kwa sababu hakuna aliyeuona usanisinuru kwenye kigae. Iodini hutambua wanga tu. Kwamba wanga huo ulitengenezwa leo kwa msaada wa mwanga ni hitimisho linalosimama juu ya lile jani la Jumatatu na ule ukanda wa nailoni, na mwanafunzi anayeweza kueleza hivyo hatatetereka mbele ya swali lolote la vitendo la UNEB, baraza la taifa la mitihani la Uganda.

Kundi ambalo jani lake limekataa liandike kwamba limekataa. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 unampima mwanafunzi kwa anavyofanya na kufikiri, wala hauishii kwenye alichokariri, na jani lililokataa, likiambatana na maelezo ya sababu, lina alama zaidi ya jani la kubuni. Sisi tunaowaongoza asubuhi katika sala dhidi ya ushuhuda wa uongo hatuwezi, saa mbili baadaye, kuwaambia wanakili rangi ya bluu kutoka kwa kundi la jirani.

## Pale jani linapokataa

Jani lote likiwa kahawia huku iodini ikiwa imegeuza posho, kosa liko kwenye mwanga au kwenye saa ya kuchuma. Asilimia kubwa ya barua ninazopokea huishia hapa. Jani lote likiwa jeusi, pamoja na sehemu ya alumini, akiba haikuisha gizani au ukanda uliacha upenyo. Mabaka meusi yaliyotawanyika ovyo hutokana na kuchemsha kwa haraka au na majani yaliyogandamana ndani ya neli. Kila neli iwe na jani moja. Rangi ya kijani kilichochanganyika na kahawia ina maana kwamba spiriti ilikuwa dhaifu au imetumika mara nyingi mno.

Wakati mwingine weusi hutokea kwenye kingo tu. Hapo jani lilikuwa gumu, na iodini imeingia kupitia majeraha. Badilisha mmea.

## Baada ya kipindi

Spiriti ya kijani isimwagwe kwenye sinki wala nyuma ya jiko la shule. Ikusanye katika chupa moja yenye kifuniko, uandike jina lake na neno "sumu", na uifungie pamoja na ile nzima. Kiasi kidogo kinaweza kutumika wiki inayofuata: simamisha chaki nyeupe katika kina cha nusu sentimita cha spiriti hiyo, mbali na moto, na baada ya dakika chache rangi itapanda na kuanza kutengana, kijani mahali pake na manjano mahali pake, hivyo darasa litaona kwamba ukijani wa jani si rangi moja.

Majani yaliyopimwa yatupwe shimoni, wala yasirudishwe kwenye bustani ya mboga. Mimea yenyewe inyweshewe na irudishwe juani jioni hiyohiyo. Ikipata wiki mbili za kupumzika itakuwa tayari kwa mkondo wa pili, ambao bila shaka utakuja kugonga mlango wa maabara ukiuliza zamu yao ni lini.